Kabla ya Kukata Neva: Jasho la Viganja, Vidole Vyeupe na Mguu Uliokosa Damu

Wagonjwa watatu wanaweza kukaa benchi moja asubuhi moja katika hospitali ya mjini Musoma, kila mmoja akiwa na shida yake. Wa kwanza ni mwanafunzi wa sekondari kutoka Bunda. Viganja vyake hutoa jasho kiasi cha kulowesha karatasi ya mtihani, na amezoea kujipangusa kwenye sketi kabla ya kumsalimu mtu kwa mkono. Wa pili ni mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Buhemba, wilayani Butiama. Kila asubuhi ya baridi vidole vyake hugeuka vyeupe kama chaki, vikafa ganzi, kisha vikauma vinapopata joto. Wa tatu ni mvuvi wa Musoma aliyevuta sigara tangu ujana. Mguu wake humuuma usiku kucha, hata analala ameketi ili auning'inize, na kidole gumba kimeanza kuwa cheusi.

Watu hawa ni wa mfano tu, lakini hakuna mhudumu wa afya mkoani Mara ambaye hajawahi kumwona mmoja wao. Kwa mtazamo wa kwanza hawahusiani. Hata hivyo, jasho la yule binti, weupe wa vidole vya mchimbaji na ubaridi wa mguu wa mvuvi vyote vinahusu kundi moja la neva. Tena, wote watatu wanaweza siku moja kuambiwa na ndugu au jirani kwamba ipo operesheni ya kukata mshipa mmoja tu na shida ikaisha. Familia ikasikia hivyo, ng'ombe anauzwa na safari inaanza.

Habari hiyo ni kweli nusu. Operesheni ipo, nayo huitwa simpathektomia. Lakini haimfai kila mgonjwa kwa kiasi kimoja, haiondoi chanzo cha ugonjwa, na madhara yake mengine hayarekebishiki. Makala haya yanaeleza jinsi inavyofanya kazi, ni nani inamfaa, na kwa nini sehemu kubwa ya uamuzi hutegemea mambo yanayofanyika katika zahanati na hospitali ya wilaya, kabla mgonjwa hajafika kwa daktari bingwa.

Neva zisizongoja amri

Mtu akitaka kuinua jembe, ubongo hutuma amri na misuli hutii. Lakini hakuna mtu anayeuamuru moyo upige, wala ngozi itoe jasho. Kazi hizo husimamiwa na mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe. Tawi moja la mfumo huo huitwa simpathetiki, jina lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya kuhisi pamoja, kwa sababu wataalamu wa zamani waliamini kwamba neva hizi huviunganisha viungo ili kimoja kihisi yanayokipata kingine.

Neva za simpathetiki hutoka katika uti wa mgongo kati ya pingili ya kwanza ya kifua na pingili ya pili ya kiuno. Zikishatoka huingia katika minyororo miwili inayoshuka kandokando ya uti wa mgongo, mmoja kulia na mwingine kushoto. Kila mnyororo una mafundo madogo yaitwayo ganglia, ambamo ujumbe hupokelewa na kupelekwa mbele. Neva za mikono hupitia mafundo ya sehemu ya juu ya kifua, na za miguu hupitia mafundo ya kiunoni.

Kazi zake ni nyingi. Hubana mishipa midogo ya damu ya ngozi ili mwili usipoteze joto, huamsha tezi za jasho ili mwili upoe, huongeza mapigo ya moyo mtu anaposhtuka, na hutanua mboni ya jicho. Ndiyo sababu mtu mwenye hofu huwa na viganja vya baridi vilivyolowa. Mwaka 1851 mwanasayansi Claude Bernard wa Ufaransa alikata neva hii shingoni mwa sungura, akaona sikio la upande ule likiwa jekundu na lenye joto. Mantiki yote ya upasuaji huu imo katika sikio la yule sungura: neva inayobana mishipa ikikatwa, mishipa hutanuka, neva inayoamsha tezi za jasho ikikatwa, ngozi hukauka.

Mguu wa mfalme

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wa upasuaji walitumia maarifa hayo kwa bidii kubwa. Mwaka 1920 Kotzareff aliitumia kwa jasho lililopita kiasi. Wengine waliitumia kwa vidole vilivyokosa damu, kwa maumivu, na hata kwa shinikizo la juu la damu, hadi dawa bora zilipopatikana na upasuaji wa shinikizo la damu ukaachwa.

Mgonjwa maarufu kuliko wote alikuwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, ambaye wazee wa Mara waliiona sura yake kwenye shilingi ya Afrika Mashariki. Mfalme alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na mishipa ya miguu yake iliziba hata ikahofiwa mguu wa kulia ungekatwa. Tarehe 12 Machi 1949 alifanyiwa simpathektomia ya kiuno na Profesa James Learmonth wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, chuo ambacho mwaka huohuo kilimpokea Julius Nyerere, mwana wa Butiama, kama mwanafunzi. Mguu ulipona kiasi cha kumwezesha mfalme kuendelea na majukumu yake. Lakini upasuaji ulikuwa umegusa neva tu. Madhara ya moshi mwilini hayakuguswa. Mwaka 1951 pafu lake la kushoto liliondolewa kwa sababu ya saratani, na tarehe 6 Februari 1952 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 56. Hata mtu aliyekuwa na madaktari bora wa enzi yake alipata nafuu ya dalili, si tiba ya chanzo.

Jasho lisilo na sababu na jasho lenye sababu

Mtu ana tezi za jasho zipatazo milioni mbili hadi nne. Kwa watu wengine tezi hizo ni za kawaida kabisa, ila neva huziamsha kupita kiasi. Hali hiyo huitwa jasho la kupindukia la asili. Hutambuliwa hivi: jasho linaloonekana limedumu angalau miezi sita bila sababu nyingine, na mgonjwa ana angalau mambo mawili kati ya haya: jasho ni la pande zote mbili kwa usawa, linaharibu shughuli za kila siku, hutokea angalau mara moja kwa wiki, lilianza kabla ya umri wa miaka 25, ndugu wa damu wanalo, na hukoma mgonjwa anapolala.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Jasho la asili hulala mgonjwa anapolala. Jasho linalolowesha shuka usiku ni habari nyingine, na mtu aliye nalo achunguzwe kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, saratani ya tezi za limfu na maambukizi mengine. Jasho la mwili mzima linaloambatana na kukonda, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio hufanya mhudumu afikirie tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mgonjwa wa kisukari anayetoka jasho la baridi ghafla huenda sukari yake imeshuka, na anahitaji sukari mara moja.

Bunda ni wilaya ya pamba, na hapo ipo sababu nyingine isiyopaswa kusahauliwa. Mkulima aliyenyunyizia viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti bila kujikinga anaweza kuja akitoka jasho, mate na machozi, akitapika, kifua kikibana, na mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano. Hiyo ni sumu. Ni dharura inayohitaji kumvua nguo zenye sumu, kumwosha, kumpa atropini na kumwangalia pumzi, wala haihusiani na jasho linalojadiliwa hapa.

Jasho la asili likithibitishwa, matibabu huanza na yaliyo mepesi. La kwanza ni kloridi ya alumini, hasa ya asilimia 20. Hupakwa usiku kwenye ngozi iliyokaushwa vizuri na huoshwa asubuhi. Ikipakwa kwenye ngozi yenye maji huwasha, na wengi huiacha kwa sababu hawakuelezwa hilo. La pili ni kuloweka viganja au nyayo katika maji yanayopitishiwa umeme hafifu kwa mashine maalumu. La tatu ni sindano za sumu ya botulinamu zinazozuia ujumbe kati ya neva na tezi. Nafuu yake hudumu miezi kadhaa, kisha sindano hurudiwa. Vipo pia vidonge kama oksibutinini. Vidonge hivyo hukausha mdomo na huleta choo kigumu, na kwa mtu anayelima juani vinaweza kuufanya mwili ushindwe kujipoza.

Yote hayo yakishindwa, na jasho likiwa la viganja, ndipo upasuaji hujadiliwa. Kati ya matatizo yote yatakayotajwa hapa, hili ndilo ambalo simpathektomia hulitibu kwa uhakika mkubwa zaidi. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi hutoka chumba cha upasuaji wakiwa na viganja vikavu. Kwa makwapa matokeo si mazuri kiasi hicho, na kwa jasho la mwili mzima upasuaji hauna nafasi.

Vidole vyeupe

Mishipa midogo ya vidole inapobana kupita kiasi kwa sababu ya baridi au wasiwasi, vidole hubadilika rangi: kwanza hupauka, kisha huwa vya bluu au vyeusi-vyeusi, na damu inaporudi huwa vyekundu na kuuma. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizi huonekana vizuri zaidi kwenye kiganja, ncha za vidole na chini ya kucha. Hali hii huitwa ugonjwa wa Raynaud. Musoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wapo watu wanaoshika barafu ya samaki, wanaovuta nyavu usiku au wanaofua kwa maji ya ziwani alfajiri, hivyo baridi ya kuichokoza hali hii haikosekani.

Mgonjwa mwenye vidole vya namna hii hana ukoma wala hajarogwa, na aelezwe hivyo waziwazi. Hata hivyo ukoma nao huharibu neva, na ni rahisi kuupima: ngozi ya mgonjwa wa ukoma huwa na baka lisilohisi mguso na mara nyingi lisilotoa jasho, na neva kwenye kiwiko huweza kuvimba. Vidole vya Raynaud hufa ganzi wakati wa shambulio tu, kisha hurudiwa na hisia.

Kwa mchimbaji, swali la kwanza liwe juu ya mashine. Mtu anayeshika mashine ya kutoboa miamba kwa miaka mingi huumia mishipa na neva za vidole kutokana na mtetemo. Akiacha mtetemo mapema, hali huweza kupungua. Akiendelea, huwa ya kudumu. Swali la pili liwe juu ya ngozi na pumzi. Mwaka 1957 daktari Erasmus wa Afrika Kusini alieleza kwamba wachimbaji wa dhahabu waliovuta vumbi la miamba walipata ugonjwa wa ngozi kukakamaa, ambao mara nyingi huanza kwa vidole kugeuka vyeupe. Mchimbaji ambaye ngozi ya vidole inamkaza, chakula kinamkwama kooni au pumzi inambana anahitaji kuchunguzwa mwili mzima. Kifua kikuu, ambacho hufuatana na vumbi hilo, kichunguzwe pia.

Matibabu ya wengi ni haya: kuvaa soksi na glavu, kuacha kabisa tumbaku ya kila aina, kupunguza mtetemo, na kutumia nifedipini ya kufanya kazi polepole kwa maelekezo ya daktari. Dawa za jamii ya propranololi na zile za ergotamini zinaweza kuzidisha tatizo, kwa hiyo dawa zote za mgonjwa zikaguliwe.

Je, neva ikatwe? Kwa Raynaud ya kawaida, hapana. Mara nyingi mikono hupata joto baada ya upasuaji, lakini dalili hurudi baada ya miezi au miaka michache, ilhali madhara mengine ya upasuaji hubaki. Upasuaji huachiwa vidole vyenye vidonda visivyopona au vinavyotishia kufa, baada ya dawa kushindwa.

Mguu uliokosa damu

Kwa mguu, kosa la kwanza ni kuchelewa. Mgonjwa huanza kwa kuumwa ndama ya mguu anapotembea, maumivu yakapoa anaposimama. Baadaye mguu huuma hata akipumzika, zaidi usiku, na hupata nafuu akiuning'iniza. Mwisho hutokea kidonda au kidole cheusi. Wengi hukanda kwa maji ya moto, kuchanja au kuota moto. Mguu usio na damu ya kutosha huungua upesi, hasa ukiwa pia hauna hisia, na kidonda cha kuungua ndicho mara nyingi huwa chanzo cha kukatwa.

Mhudumu wa zahanati ana vidole vyake, navyo ni kifaa tosha cha kuanzia. Aguse mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, alinganishe miguu miwili. Penye kifaa cha kusikilizia mapigo ya mishipa, shinikizo la damu la kifundo ligawanywe kwa la mkono: jibu lililo chini ya 0.9 huonyesha kuziba. Kwa mgonjwa wa kisukari jibu linaweza kudanganya, kwani mishipa iliyokakamaa huwa haibanwi na mkanda wa kipimo na hutoa jibu la zaidi ya 1.4 hata damu ikiwa haba.

Mguu uliokuwa mzima ukiwa baridi ghafla, umepauka, unauma sana, hauna mapigo na unakufa ganzi, hilo ni jambo la saa chache. Usingojee kliniki ya Jumatatu. Mgonjwa asafirishwe siku hiyohiyo kwenda kwenye uwezo wa kuzibua mshipa.

Kwa mshipa mkubwa ulioziba taratibu, tiba inayotafutwa kwanza ni kuupanua kwa mpira maalumu au kuuwekea njia ya pembeni. Simpathektomia haizibui mshipa. Hutanua mishipa midogo ya ngozi tu, kwa hiyo haimsaidii mtu anayeumwa misuli akitembea. Nafasi yake ni kwa mgonjwa mwenye maumivu ya kupumzika au kidonda kidogo, ambaye mishipa yake haiwezi kuzibuliwa. Hata kwake si lazima kisu kitumike: daktari anaweza kuua mafundo ya kiuno kwa sindano ya fenoli akiongozwa na eksirei.

Kundi moja linahitaji kutajwa peke yake. Ni wavutaji wa tumbaku walio chini ya miaka 50, ambao mishipa midogo ya miguu na mikono huvimba na kuziba, ugonjwa ulioelezwa na Leo Buerger mwaka 1908. Kwao, jambo pekee linaloaminika kuzuia kukatwa viungo ni kuacha tumbaku yote, ikiwamo ugoro na tumbaku ya kutafuna. Sigara moja kwa siku inatosha kuuendeleza ugonjwa. Upasuaji wa neva unaweza kumpunguzia maumivu na kusaidia kidonda kufunga, lakini mgonjwa akirudi kwenye sigara, kisu kitarudi juu zaidi ya mguu.

Mgonjwa wa kisukari ana jambo la kushangaza. Kisukari cha muda mrefu huziua neva za simpathetiki zenyewe. Mguu wake huwa mkavu, wenye nyufa, pengine wa joto, kana kwamba upasuaji umekwisha kufanyika. Kukata neva iliyokwisha kufa hakuna faida. Anachohitaji ni udhibiti wa sukari, viatu visivyobana, mafuta kwenye nyufa, na mtu wa kumkagua nyayo kila siku.

Maumivu yanayowaka

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, daktari Silas Weir Mitchell aliona askari waliopigwa risasi kwenye neva wakiteswa na maumivu kama ya moto, wasiweze hata kuguswa na nguo. Leo maumivu ya jamii hiyo huonekana zaidi kwa watu waliovunjika mkono au mguu, kwa mfano katika ajali za bodaboda. Mfupa umeunga, lakini mkono umevimba, umebadilika rangi, unatoka jasho upande mmoja na unauma kupita kiasi cha jeraha. Mgonjwa kama huyu asiambiwe kwamba anajifanya.

Tiba kubwa ni mazoezi ya viungo yanayoanza mapema, pamoja na dawa za maumivu ya neva. Wataalamu wa ganzi wanaweza kuyalaza mafundo ya simpathetiki kwa sindano ya muda, ili mgonjwa aweze kufanya mazoezi. Kukata neva moja kwa moja kwa ajili ya maumivu haya kuna ushahidi dhaifu, na wengine hupata maumivu mapya baadaye. Hali ni tofauti kwa mgonjwa wa saratani ya kongosho: kwake sindano ya alkoholi katika mtandao wa neva nyuma ya tumbo ni msaada wa kweli pale mofini ya kunywa isipotosha.

Upasuaji na gharama yake mwilini

Upasuaji wa jasho la viganja hufanyika mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa. Kupitia matundu madogo chini ya kwapa, daktari huingiza kamera, hulisogeza pafu kando, na kukata au kubana mnyororo juu ya ubavu wa tatu au wa nne. Upande wa pili hufanywa vivyo hivyo. Mara nyingi mgonjwa huondoka hospitali baada ya siku moja au mbili. Urahisi huo wa nje ndio unaowapotosha wengi.

Dhara linalotokea zaidi ni jasho la fidia. Viganja vikikauka, mwili hutoa jasho zaidi mgongoni, tumboni na mapajani. Kwa wengi ni jambo la kuvumilika. Kwa wachache ni baya kuliko jasho la awali, nguo zikilowa mara kadhaa kwa siku. Katika jua la Bunda wakati wa palizi, hilo si jambo dogo. Hakuna kipimo kinachobashiri kwa uhakika nani litampata, wala dawa inayoliondoa kabisa, na kuondoa vibanio baadaye hakuaminiki kurudisha hali ya zamani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Madhara mengine ni nadra zaidi: hewa kuzunguka pafu, kuvuja damu, mapigo ya moyo kupungua, na kope kushuka pamoja na mboni kuwa ndogo iwapo fundo la juu kabisa litaguswa. Katika upasuaji wa kiuno, mwanamume aliyekatwa sehemu ya juu pande zote mbili anaweza kupoteza uwezo wa kutoa mbegu. Mwanamume anayetarajia watoto aelezwe kabla ya kutia saini, kwa lugha anayoielewa na mahali pa faragha.

Barua ya rufaa na maswali ya mgonjwa

Upasuaji wa namna hii si kazi ya zahanati wala ya hospitali ya wilaya; unahitaji bingwa wa kifua, wa mishipa au wa neva. Kutoka Butiama au Bunda, njia hupitia hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Musoma, na inapobidi Bugando mjini Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Safari hiyo ni ghali, kwa hiyo barua iseme mambo yatakayoifanya iwe na maana: tatizo lilianza lini, ni la upande mmoja au zote, hukoma usingizini au la, mapigo ya miguu yalivyo, vipimo vya sukari, kifua kikuu na VVU, tumbaku ya aina gani na kiasi gani, kazi ya mgonjwa, na dawa zilizokwisha kutumika, kwa muda gani. Barua iliyoandikwa "mikono kutoka jasho, tafadhali saidia" humrudisha mgonjwa mwanzo akiwa Mwanza, mbali na nyumbani.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, na daktari mzuri hachukizwi na maswali haya:

1. Chanzo cha tatizo langu ni nini, na upasuaji huu unakigusa?
2. Ni tiba gani nyepesi ambazo sijajaribu?
3. Nafuu inatarajiwa kudumu kwa muda gani?
4. Nikipata jasho la fidia, nitaweza kuendelea na kazi yangu?
5. Mnafanya upasuaji huu mara ngapi hapa?
6. Nisipofanyiwa, nini kitatokea?

Swali la sita ndilo linalotenganisha wagonjwa watatu wa pale benchi. Mwanafunzi wa Bunda asipopasuliwa hatakufa wala hatapoteza kiungo. Aanze na kloridi ya alumini inayopakwa ipasavyo, na walimu wake waelezwe ili apewe karatasi ya akiba chumba cha mtihani. Ikishindikana, atakapokuwa mtu mzima anaweza kuchagua upasuaji akijua anabadilishana jasho la viganja na pengine jasho la mgongo. Mchimbaji wa Buhemba anahitaji glavu, nifedipini, uchunguzi wa kifua na ngozi, na zaidi ya yote kazi isiyomtetemesha. Neva zake ziachwe. Mvuvi wa Musoma ndiye asiyeweza kungoja. Apelekwe haraka ili mishipa yake ichunguzwe na izibuliwe kama inawezekana, na simpathektomia ifikiriwe ikiwa haizibuliki. Na kabla hajapanda basi la Mwanza, mtu mmoja akae naye, amwambie kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba pakiti iliyo mfukoni mwake ibaki Musoma.